Niandikie

Hapa kwetu mtu huwa tajiri siku jina lake linapotokea kwenye PDF. Hajashika shilingi, hajui hata kituo chake kiko upande gani wa nchi, lakini orodha ya waliopangiwa vituo kwa kada za afya ikishatoka, shangazi aliyekuwa hapokei simu anapiga mwenyewe. Mimi nilikuwa tabibu mwenye diploma na leseni, nikijitolea Tanga kwa malipo ya nauli na shukrani, mara nyingi shukrani bila nauli. Jina lilipotoka, mjomba alikuja kukopa kabla sijafika mwisho wa mstari ulioandikwa kituo: zahanati, mkoa wa Njombe. Wilaya nitaificha, maana bado naishi humo, na afisa utumishi ni mtu wa kusoma.

Mama yangu hajawahi kuvuka Morogoro. Kwa imani yake, joto la Tanga linaendelea hivyo hivyo mpaka mpakani na Zambia. Akanifungia chandarua, nazi, papa mkavu, na feni ya mezani, mpya, ndani ya boksi lake. Nikamwambia huko nasikia kuna baridi. Akasema baridi zote ni za usiku, mchana utanikumbuka.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi madirisha yote ya basi yalikuwa wazi. Kitonga tulipanda kwa gia ndogo, na kwenye kila kona kuna aliyefunga dirisha lake. Mafinga abiria wazoefu wakaanza kuchomoa makoti mabegini. Mimi nikachomoa kikoi. Makambako, pale barabara inapogawanyika, moja ikiendelea Mbeya na nyingine ikikata kwenda Njombe na Songea, nilishuka kubadilisha gari. Utingo akanikabidhi boksi langu, akalisoma juu, akalisoma ubavuni, kisha akauliza kwa upole: "Kaka, hii unampelekea nani?"

Halmashauri walinipokea vizuri. Nilitoa vyeti halisi na nakala, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, akaunti ya benki na picha ambayo nilikuwa bado nina mashavu. Nikaelezwa kwamba mshahara utaanza nikishapata cheki namba. Asiye na cheki namba anaweza kuzalisha, kushona jeraha na kuchanja watoto wa kijiji kizima, lakini mfumo wa mishahara haujui kama amezaliwa. Na fedha ya kujikimu? Ipo kwenye mchakato. Mchakato wenyewe sijawahi kuuona kwa macho, ila kwa vitu vinavyosemekana vimo ndani yake, lazima ni mkubwa sana.

Usiku wa kwanza kijijini, mama mwenye nyumba aliniletea jiko la mkaa likiwa jekundu, akaniambia nifunge mlango na dirisha nilale. Nikaona hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Nikamweleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwamba familia nzima huweza kulala isiamke. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kaikunja ndani ya kitenge.

"Sawa mwanangu. Sasa utalalaje?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mtaala. Jiko likatoka nje, nami nikavaa kila nguo niliyokuja nayo, nikajifunika shuka mbili, na juu yake nikatandaza chandarua. Mpaka leo sijakipatia kazi nyingine.

Asubuhi nilikwenda dukani kuulizia tu bei ya blanketi. Mwenye duka ni Mkinga, na sifa za Wakinga kwenye biashara zinajulikana kuanzia Makete mpaka Kariakoo, kwa hiyo niliingia nikiwa nimejiandaa. Hakunitajia bei. Aliniangalia kikoi, akaniangalia miguu iliyovaa kandambili, akashusha blanketi.

"Wewe si ndiye daktari mpya? Chukua."

"Mzee wangu, mshahara bado."

"Mtumishi hakimbii," akasema, na mkono ulishafika kwenye daftari. "Nakuandikia."

Lile daftari ningependa siku moja wataalamu wa utawala walione. Halina majina ya watu, lina vyeo. Mwalimu wa Hisabati ana ukurasa wake. Nesi wa Chanjo ana ukurasa. Bwana Shamba ana kurasa mbili na karatasi ya nyongeza iliyobanwa kwa pini. Mtendaji yumo, tena kwa wino mwekundu. Serikali yote ya kata imo mle ndani, na kwa kadiri ninavyoelewa inaendeshwa kutokea mle.

Baada ya blanketi likafuata koti la mtumba, zito, lenye picha ya dubu mgongoni. Likafuata buti la mvua. Halafu mchele, mafuta, sabuni, sukari. Mchana naandika watu dawa, jioni naandikwa mimi. Koti nililivaa chini ya koti jeupe la kazini, na ndani ya wiki wagonjwa wakaanza kunipongeza: daktari umenenepa, hali ya hewa imekukubali.

Kazini nako nilikuta ujuzi wangu umekuja na nguo zisizofaa. Tanga mtu akisema tu kichwa, mkono wangu ulishafika kwenye kipimo cha malaria. Huku juu mbu mwenyewe baridi imemshinda. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Wanaokuja ni watoto wenye nimonia wanaopumua mbio mbio, na watoto waliojikwaa wakaangukia moto uliowashwa ili wasife baridi. Na wanaokuja ni watu wa CTC, kliniki ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, juu kuliko mkoa wowote mwingine, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Namba hizo niliwahi kuzijibu kwenye mtihani. Ni jambo jingine kukaa nazo uso kwa uso, zikiwa zimevaa sweta na zinakusalimia. Bibi mmoja, ambaye alianza dawa za kufubaza virusi mimi nikiwa shule ya msingi, aliniuliza majibu ya wingi wa virusi wake kwa sauti ambayo mkaguzi wa hesabu huulizia risiti. Nilipoanza kumpa nasaha alinitazama kwa huruma. "Endelea tu, mjukuu wangu," akasema, "najua nawe ni lazima useme." Kisha akanisaidia sehemu niliyoisahau.

Shida ilikuwa daftari. Mimi nimefundishwa kutunza siri za wagonjwa. Mkinga hakufundishwa kutunza siri za wadeni, na daftari linashinda wazi juu ya meza ya duka, karibu na chumvi. Mzee mmoja wa presha nilimsihi kwa muda mrefu apunguze chumvi, nikamchorea hadi mchoro wa moyo. Akakubali yote. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na wewe daktari, sukari kilo mbili kwa wiki kwa mtu mmoja?"

Foleni nzima ya nje ikaguna kunisikitikia. Mama mmoja mjamzito akaongeza kwamba hata mafuta nimezidisha. Tangu siku hiyo nasaha zote za lishe anazitoa nesi, ambaye ana akili ya kununulia vitu vyake mnadani.

Mwezi ukaisha bila mshahara, na mwingine ukaanza kuelekea huko huko. Mkinga hakunidai. Alianza tu kuniuliza habari za cheki namba kila asubuhi, jinsi watu wanavyoulizia hali ya mgonjwa aliyelazwa mbali. Nikaona nipunguze deni kwa nilichonacho, nikampelekea feni. Aliichomeka, ikazunguka, wateja wote wakarudi nyuma kwa baridi. Akafuta karibu nusu ya ukurasa wangu, nikadhani nimempiga. Kesho yake alikuwa ameshaiuza, kwa faida, kwa jamaa anayechoma kitimoto njia panda.

Mimi ni mtoto wa madrasa. Kila jioni nikitoka kazini naiona pale, inapulizia mkaa, upepo wake wote ukielekea kwenye mbavu za nguruwe. Mama akipiga simu haachi kuulizia.

"Feni inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, mama. Tena haipumziki."

"Si nilikwambia?"

Mshahara uliingia siku ambayo nilikuwa sijautaja. PSSSF wakakata asilimia 5 yao, bima ya afya 3, kodi ikachukua chake, chama cha wafanyakazi nacho, ambacho sikumbuki kujiunga, kikanikaribisha. Kilichobaki kilitosha. Niliomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka kwa wakala, nikarudi moja kwa moja dukani, nikamhesabia Mkinga deni lote mpaka mia ya mwisho ya kiberiti.

Alihesabu mara mbili. Hakucheka. Akachora mstari juu ya ukurasa wangu kwa rula, taratibu.

"Unahama?"

"Sihami, mzee wangu. Nalipa tu."

"Aliyekuwepo kabla yako naye alilipa lote Jumanne. Jumatano tukaona Fuso."

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananiuliza kama chumba kina kasoro, maana bati linaweza kurekebishwa. Yule bibi wa CTC alileta ndoo ya viazi akataka kujua ni nani aliyeniudhi, amtaje kwa jina. Mzee wa presha aliapa kwamba ameacha chumvi. Mwenyekiti wa kijiji alifika na mjumbe mmoja, wakavua kofia, wakasema wamesikia wilaya inaninyang'anya na kwamba wako tayari kuandika barua. Kila nilipokataa, walitikisa vichwa: hata yule alisema hivyo hivyo. Nikawaonyesha chumba. Kwa bahati mbaya kina kitanda, begi na nazi moja, na kwa macho ya mtu mwenye wasiwasi kilikuwa kimeshafungashwa nusu.

Ilipofika saa 2 usiku nikavaa koti la dubu nikarudi dukani, msafara wote nyuma yangu. Mkinga alikuwa anataka kufunga.

"Nipe sukari kilo mbili."

"Pesa si unayo?"

"Ninayo. Niandikie."

Alinitazama mimi, akawatazama waliojaa mlangoni. Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa ambazo mtu aliyesimama nje angeweza kuzisoma. Halafu akapandisha sauti:

"Na mchele?"