Diski Moja Ikisusa

Kompyuta inayoendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, husoma faili la fstab, yaani orodha ya diski zinazopaswa kupachikwa kwenye mfumo kila inapowashwa, na ikikosekana hata diski moja ya akiba, mashine huisubiri kwa kawaida sekunde 90 kisha hugoma kuwaka, ustahimilivu ambao mkulima wa mpunga wa Madibira, ambaye mferejini kwake maji hayasimami kwa kuwa jirani hakufika shambani, angeustaajabia. Fundi mwenye haraka hufuta kila kitu, picha za harusi zikiwamo, kisha hudai malipo. Ilhali alama ya # ikiwekwa kwenye fstab mwanzoni mwa mstari wa diski iliyokosekana, mashine huuruka mstari huo na kuwaka. Mwenye kompyuta na aulize kwanza kama fstab imefunguliwa.