Radi ya Sentimita Mbili

Ukiwa Dar ukasema kwenu ni Sumbawanga, watu hujisogeza kidogo kwenye benchi, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwenu radi hupiga hata kiangazi. Jina la mji kwa Kifipa linamaanisha "tupa uchawi", lakini wageni hawaamini kama tuliutupa mbali.

Katika mji huo, mimi niliamua kwa hiari yangu kutengeneza radi.

Chanzo kilikuwa TV ya chogo iliyokufa. Ndani yake mna kitu ambacho mafundi hukiita flaibaki, kinachopandisha umeme hadi volti elfu ishirini na ushei ili kioo kiwake. Umeme wa ukutani ni volti 230 tu. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba kioo cha chogo hutunza umeme kama bibi anavyotunza noti kwenye fundo la khanga. TV ilichomolewa tangu juzi, nami nikaingiza bisibisi kwa kujiamini. Nilijikuta nimekaa juu ya gunia la maharage, bisibisi iko nyuma ya kabati, na mke wangu yuko mlangoni akiuliza kama bado ninataka chai.

Kwa betri ya pikipiki na transista ya amplifaya mbovu, flaibaki ikafufuka. Cheche ya zambarau, inalia kama nyuki, na ile harufu ya baada ya radi. Vitabu vinasema hewa kavu hukubali kupasuka kwa volti kama 30,000 kila sentimita, ila hicho ni kipimo cha pwani. Sisi tuko juu mita 1,800 hivi, hewa ni nyepesi, na cheche huruka mbali zaidi. Yaani kisayansi kabisa, Ufipa ina upendeleo katika mambo ya radi. Sijathubutu kulisema hilo kijiweni.

Nikizivuta ncha taratibu nilifika sentimita mbili.

Ubaya wa cheche ni kwamba haina siri. Kila ikiruka hutawanya mawimbi. Meli za enzi za Marconi zilipashana habari kwa cheche za namna hiyo. Mimi nilivuruga taarifa ya habari ya saa mbili: redio za majirani zote Katandala zikachachatika kama migebuka kikaangoni, na dirishani kwangu mwanga wa zambarau.

Kesho yake bodaboda alikataa nauli. Mtu aliyekopa mahindi yangu msimu wa juzi alikuja kulipa mwenyewe, akaomba na radhi. Sikukanusha chochote mpaka nilipohesabu hela.

Usiku wa tatu akaja mzee mmoja, umri wa baba yangu, jogoo kwapani.

"Shikamoo," akaniamkia.

Mimi! Nikakaribia kupiga magoti. Akaeleza shida yake: kuna mtu kamdhulumu shamba, anaomba nimtumie radi kidogo tu, si ya kuua, ya kumtia adabu. Nikawasha mtambo, nikamwonyesha kwa rula.

"Mzee wangu, mwisho wake hapa. Sentimita mbili."

Akainama, akaitazama cheche kwa muda mrefu, jogoo naye akaitazama.

"Sasa mwanangu," akasema, "nikikuletea huyo mtu hapa, utamwambia ashike wapi?"