Faili Lipo, Mzee Wangu

Kuna maneno matatu ambayo ningependa yapigwe marufuku kwenye ofisi zote za umma kuanzia Himo hadi Bomang'ombe: "Faili lipo, mzee." Ukishaambiwa hivyo, jua umefika mwisho wa reli. Lingekuwa limepotea, wangelitafuta, au wangefungua jingine. Lakini likiwapo, lipo tu. Halina sababu ya kutoka.

Shida yangu ni ndogo. Mtaani kwetu, upande wa chini wa mji, kulikuwa na uchochoro. Hakuna aliyewahi kuuota una lami. Watoto walipita hapo kwenda shule, akina mama wa ndizi walikatisha hapo kwenda sokoni Mbuyuni, na masika yakianza maji nayo yalipita hapo, kwa kuwa Moshi hii maji yote yanatoka juu na yote yana haraka. Mwaka jana jirani mmoja mwenye uwezo akajenga ukuta. Watoto wakapata njia nyingine. Maji yakachagua sebule yangu. Tulipomfuata jirani, alitukaribisha soda, akatuambia kwa upole kabisa kwamba kwenye ramani hapo hakuna njia. Sisi tukasema ipo. Ugomvi wa namna hiyo una mwamuzi mmoja tu, nayo ni ramani ya mipango miji ya eneo letu, karatasi ambayo nilidhani imebandikwa ukutani mahali fulani ikitungoja.

Nikaenda kwenye ofisi moja ya umma. Sitaitaja. Mji huu ni mdogo, na baadhi ya waliomo humo tunazikana nao.

"Shikamoo, mzee," kijana wa dirishani akaanza vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Naomba kuona ramani ya mtaa wetu."

"Ya nini?"

"Kuiona tu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mzee wangu, ramani haionyeshwi hivi hivi. Una kesi?"

"Sina kesi."

"Basi unaitakia nini?"

Nilikuwa sijajua kwamba lazima kwanza nishtakiwe au nishtaki ndipo niruhusiwe kujua njia inapita wapi. Akanielekeza: lete barua ya mwenyekiti wa mtaa, ipigwe muhuri, ipitie kwa mtendaji, naye apige muhuri wake, ambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa na risiti za pango la ardhi, kisha uandike barua ya maombi kwa mkuu wa ofisi. Yote hayo nikaleta. Yule dada wa steshenari aliyenichapia barua sasa ananiita baba.

Mwenye ramani hakuwepo. Siku hiyo alikuwa kikaoni. Baadaye akawa saiti, halafu akawa Dodoma kwenye semina, kisha kukawa na ziara ya kiongozi na ofisi nzima ikahamia kwenye msafara. Na ufunguo wa kabati hutembea naye popote aendapo. Nimejiuliza Dodoma ule ufunguo unafungua nini.

Sitaki ionekane kwamba serikali haijui kutunza kumbukumbu. Inajua sana, hasa zangu. Siku nilipouliza kama nadaiwa chochote, kontrol namba ilitoka kabla sijamaliza kutamka jina la mtaa. Kiwanja, ukubwa wake, jina la marehemu baba aliyekinunua, adhabu ya kuchelewa, vyote vilikuwemo kwenye kompyuta na hakuna aliyeniuliza "ya nini".

Ndipo mwanangu wa Dar es Salaam akanitumia kwenye simu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Ukiombwa taarifa na mwananchi, wewe mwenye taarifa hizo umjibu mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30. Kila taasisi iteue ofisa taarifa wa kushughulikia maombi hayo. Usiporidhika, unamwomba mkuu wa taasisi ileile apitie upya uamuzi, yaani unamshtaki fisi kwa baba yake, lakini hata hilo ni bora kuliko dirisha. Na Katiba yenyewe, Ibara ya 18, inasema tuna haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Maji kwenye kochi naona yanahusika.

Nikairudia ile ofisi nikiwa nimevaa koti.

"Mwanangu, kuna sheria," nikasema.

"Ipi, mzee?"

Nikaitaja na mwaka wake. Akatabasamu, ile huruma ya daktari. "Hiyo ni ya waandishi wa habari."

Nikamwomba kuonana na ofisa taarifa. Nikapelekwa kwa binti mmoja mwenye kamera, ambaye kazi yake ni kumpiga picha mkuu wa ofisi akikata utepe. Alikuwa na adabu sana. Akaniuliza kama nina taarifa yoyote ningependa kuitoa.

Kuna sheria nyingine, ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Hiyo inahusu nyaraka za serikali zinazohamishiwa Nyaraka za Taifa, na huko zinafunguliwa kwa watu zikishatimiza miaka 30. Sasa nimeelewa kilichotokea. Sheria moja inasema siku 30, nyingine inasema miaka 30, na pale dirishani wamekariri 30 peke yake. Nikipiga hesabu, mjukuu wangu atakuja kuiona ramani akiwa na mvi, baada ya kufunga safari hadi Nyaraka za Taifa kule Upanga, Dar es Salaam.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa mlima huu hatukuzaliwa wazembe wa kumbukumbu. Panda Kibosho, panda Uru, panda Marangu, utakuta mpaka wa kihamba umepandwa isale, na kila bibi anajua nani aliipanda na nani alijaribu kuisogeza usiku. Mfongo wa maji una zamu, na zamu inajulikana. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alikaa Old Moshi miaka mingi akiwauliza wazee, na mwaka 1926 akachapisha kwa Kijerumani kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga. Mimi leo, nikijua Kijerumani, nitapata habari za mipaka ya mababu zangu kwa urahisi kuliko habari za ukuta wa mwaka jana ulio hatua kumi kutoka mlangoni pangu.

Hata kijijini kwa kaka yangu, mtendaji hana budi kusimama mbele ya mkutano mkuu na kusoma mapato na matumizi. Anayasoma kwa kasi ya dalali wa mnadani, lakini anasoma, na kuna wazee wastaafu wa ushirika wa kahawa wanaomsimamisha kwenye kila tarakimu. Na mwone mweka hazina wa kamati ya harusi yoyote ya hapa Moshi. Daftari lake linaonyesha nani aliahidi, nani alitoa nusu, nani aliahidi kreti za bia na kuleta za soda. Mkabidhi mama huyo masjala yoyote nchini, baada ya wiki mbili utajua hadi nani aliazima kalamu.

Nilimaliza kwa mama wa masjala, ambaye anakaribia kustaafu na ambaye majalada yote hupita mikononi mwake. Nikamwamkia vizuri, tukaulizana za nyumbani, ikaonekana shemeji yake ni mtu wa kwetu.

"Faili lipo," akaninong'oneza.

"Na ramani imo?"

"Imo."

"Na njia, mama, kwenye ramani njia ipo?"

Akatazama mlangoni. "Hiyo sasa ni taarifa, baba."

Nilifikiria kumpelekea mwenye ufunguo jani la isale, kama tufanyavyo kwa mtu tuliyemkosea ili atusamehe, ingawa sijui nimemkosea nini. Badala yake nimeandika barua mpya, nimeitaja sheria na mwaka wake, nimepeleka nakala mbili na moja nimerudi nayo ikiwa na muhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe. Nawe ukienda kuomba chochote usiondoke bila muhuri huo, maana bila tarehe hakuna siku ya kwanza, na bila siku ya kwanza hakuna ya 30. Mimi bado nahesabu. Ila masika hayasomi sheria, kwa hiyo msomaji yeyote mwenye nakala ya ramani za mitaa ya chini ya Moshi, hata iliyoliwa na mende, naomba anitafute. Fotokopi nitalipa mimi.