Studio ya Trei za Mayai

Wazee wa Mwananyamala husimulia kwamba jina la mtaa wao lilitokana na kumbembeleza mtoto: mwana nyamala, yaani mwanangu nyamaza. Kama mtoto huyo alinyamaza, basi ni yeye peke yake. Mimi nimepanga huko miaka sita, na siku nilipoamua kugeuza chumba kimoja kuwa studio ndipo nilipotambua kuwa mtaa wetu haujapata kutulia dakika nne mfululizo, ambazo ndizo urefu wa wimbo wangu.

Rekodi ya kwanza ilikuwa na gitaa, sauti yangu, na muuza kahawa akigonganisha vikombe nje ya mapigo. Ya pili ina jogoo. Ya tatu ina spika ya machinga anayenadi dawa ya panya, mende na kunguni, na ukisikiliza vizuri utakiri kwamba anaimba kwa hisia kuliko mimi.

Kila niliyemuuliza aliniambia dawa ni trei za mayai. Nikawazungukia wauza chipsi hadi zikatimia trei 96, nikazibandika kwa gundi ukutani na darini. Chumba kikanuka banda la kuku. Nikafunga mlango, nikavaa hedifoni, nikawasha maikrofoni. "Dawa ya panya, mende na kunguni!" Safi kabisa, bila mwangwi.

Kumbe kazi yake ndiyo hiyo. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba humo ndani, basi. Besi inayotikisika mara 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, na trei yangu haifiki sentimita 6: ni kutega chandarua kuzuia mafuriko. Kinachozuia sauti ni uzito, na kuziba kila penye kupita hewa. Ukuta wa tofali ulikuwa ukifanya kazi yake siku zote bila shukrani. Msaliti alikuwa dirisha la nyavu na matundu ya hewa juu yake. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta hushusha kinga ya ukuta wote hadi desibeli 20, hata ungekuwa wa ngome.

Nikamwita fundi aluminiamu. Akapima dirisha, akazitazama trei, akanitazama mimi.

"Bosi, unafuga?"

Bei ya vioo viwili vinene vyenye nafasi katikati ilikuwa kodi ya miezi mitano. Nikamsindikiza kwa heshima hadi barabarani, nikarudi, nikasimamisha godoro letu la inchi nane dirishani na kuziba matundu kwa matambara. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Tunalala wapi?"

Ijumaa usiku nikajifungia. Feni nimezima, maana nayo huimba. Ubeti wa kwanza, jasho. Ubeti wa pili, gundi ya darini ikalainika kwa joto, trei zikaanza kunitua mabegani moja moja kama njiwa. Nilipofika kwenye kiitikio, nyumba ya pili wakafungulia muziki wa mkesha wa harusi. Godoro likatetemeka. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza Dar es Salaam kuzuia kigodoro kwa godoro.

Mlango ukagongwa. Ni mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Zuhura. Wenye shughuli wamenituma. Wanaomba upunguze sauti, unawachanganya."

Nikatazama miguuni pake. Chini ya mlango, ambao sikuugusa kabisa, pana uwazi wa kupita paka.

Siku hizi narekodi ndani ya kabati, katikati ya makoti na madera, kuanzia saa nane usiku mpaka jogoo atakapoamka. Godoro limerudi kitandani. Trei ziko barazani, 92 bado nzima. Mwenye kuku aje na gunia, sitaki hela.