Nimeuziwa Kelele kwa Gigabaiti

Piano ya jukwaani ya Steinway, ile modeli D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito unaokaribia kilo 500. Sebule yangu haiwezi kuimeza, na hata ingeweza, mwenye nyumba angeiona tu angepandisha kodi. Ndiyo maana sisi wapiga vinanda wa kwaya, wenye hamu kubwa na mifuko midogo, tunaishia kupakua piano kwenye kompyuta.

Jambo lenyewe ni zuri, sibishi. Fundi anakaa na piano halisi, anatega maikrofoni karibu na nyuzi, anapiga noti moja polepole na kuirekodi mpaka inyamaze yenyewe. Anairudia kwa nguvu kidogo zaidi, tena na tena, kisha anahamia noti nyingine. Wewe ukibonyeza kibodi yako ya plastiki huku Tabata, kompyuta inaokota ile noti ya fundi na kukupa. Ugomvi wangu ni juu ya vitu vingine alivyovirekodi huyo fundi wakati hakuna aliyemtuma.

Nilipoifungua piano yangu, ambayo ilikula bando lote na kuacha deni, nilikutana na ukurasa mzima wa vitufe vya kuzungusha. Kuna cha kelele za nyundo kurudi mahali pake. Kuna cha kelele za kibonyezo kikiachiwa. Pedali ina viwili: mlio wa kukanyagwa na mlio wa kuachiwa. Kila kelele ina kipimo chake cha sauti, ili usije ukasema umepunjwa. Na vyote, kiwandani kwao, wameviacha wazi.

Jamani, watu wamehangaika! Bartolomeo Cristofori alitengeneza piano ya kwanza pale Florence, Italia, karibu mwaka 1700. Tangu hapo mafundi wamekuwa wakipigana na ngurumo za mbao na vyuma ili mtu asikie uzi peke yake. Nyundo zilivikwa ngozi. Mwaka 1826 Jean-Henri Pape wa Paris akapata hataza ya kuzivika sufu iliyoshindiliwa, na mpaka leo nyundo za piano zinavaa sufu. Kila mahali ambapo mti unagusana na mti ndani ya lile sanduku, fundi ametia kipande cha kitambaa. Zaidi ya karne tatu za kunyamazisha! Kisha anatokea mtu na maikrofoni ya bei mbaya, anaingiza kichwa ndani na kutafuta kelele iliyosalia, anaitia kwenye diski na kuiita ubora.

Mtu anaweza kudhani natia chumvi. Basi tuchukue Salamander, piano ya bure iliyorekodiwa na Alexander Holm kutoka Yamaha C5, nami naiheshimu kwa sababu hakuna aliyenitoza senti kwa ajili yake. Piano ina vibonyezo 88, lakini noti zilizorekodiwa ni 30 tu, moja kila baada ya nusutoni 3, kila moja kwa viwango 16 vya nguvu. Hizo ni sauti 480. Vibonyezo vilivyobaki vinaazima: kompyuta inachukua noti ya jirani na kuipandisha au kuishusha kidogo, na sikio halijui. Huo ni ubanaji mzuri wa matumizi. Lakini kelele za nyundo kurudi? Hizo zilirekodiwa kibonyezo kwa kibonyezo. Noti inaweza kuazima kwa jirani, kelele haikubali kuazima.

Kijana anayetusaidia kurekodi kwaya alinisikiliza nikilalamika, akatabasamu kwa adabu.

“Mzee, ile kelele ndiyo uhalisia wenyewe. Ukiitoa, piano inakuwa kavu.”

Nikamwambia, mwanangu, uhalisia ninao. Nyuma ya ukuta wangu kuna baa, mbele kuna kituo cha bodaboda, na jogoo wa jirani hajawahi kujua saa. Sihitaji kuagiza uhalisia kutoka Ulaya.

Akanitajia Nils Frahm, Mjerumani aliyetoa albamu ya Felt mwaka 2011. Huyo aliweka kitambaa kati ya nyundo na nyuzi ili asiwasumbue majirani zake usiku, akasogeza maikrofoni karibu kabisa, na zikanasa mpaka mikwaruzo ya mashine na pumzi zake. Watu wakaipenda. Leo sauti ya namna ile imekuwa bidhaa, karibu kila mwenye kuuza piano za kompyuta anayo. Nami sina neno na Frahm; alikuwa na majirani wa kuwaonea haya. Ila yale yalikuwa madhara ya ustaarabu wake, hayakuwa lengo. Sasa mtu anapiga akiwa amevaa vipokea sauti, hakuna jirani hata mmoja anayesikia, na bado anaongeza mikwaruzo.

Na hapo hujagusa yale yanayohitaji kurekebishwa kweli. Kwa mfano bafa, yaani idadi ya vipande vya sauti ambavyo kompyuta inavikusanya kabla ya kuvitoa. Ukiiweka 1,024, kwa sauti inayosomwa mara 44,100 kwa sekunde, noti inachelewa karibu milisekunde 23, sawa na kumsikiliza mpigaji aliyekaa mita 8 kutoka kwako. Tatizo ni kwamba mpigaji ni wewe. Kidole kiko kwenye “Bwana”, sauti bado iko kwenye “Ee”. Ukishusha hadi 256 unapata milisekunde kama 6, vizuri sana, lakini kompyuta yangu kuukuu inaanza kutoa mlio wa mahindi kwenye kikaango. Na nani anayeielemea? Ukikanyaga pedali, noti zote ulizopiga zinaendelea kulia kwa pamoja, kila moja ikivutwa kutoka kwenye diski. Juu yake zinapakiwa kelele za nyundo, za vibonyezo na za pedali yenyewe. Processor inatoka jasho ili nisikie mguu wangu.

Jingine ni mkunjo wa nguvu, yaani mchoro unaoamua mguso upi wa kibodi utoe noti ya nguvu gani. Kibodi haipimi nguvu ya kidole hata kidogo. Inapima mwendo, yaani muda kati ya swichi mbili zilizo chini ya kibonyezo, kisha inatuma namba kati ya 1 na 127. Sauti zilirekodiwa kwenye piano yenye vibonyezo vizito, nami nina plastiki nyepesi inayoporomoka ukiipumulia. Matokeo yake kila noti inakimbilia 120, na wimbo wa kumpokea maiti unasikika kama wa sherehe. Dawa ni kuuvuta mkunjo chini katikati, ili vidole vya kawaida vitoe namba za kawaida. Kifaa hiki ndicho chenye kazi kuliko vyote, na kwenye piano yangu kimefichwa ndani ya menyu tatu, mahali ambapo hata mwizi angekata tamaa. Kelele za pedali ziko ukurasa wa mbele, zina picha.

Mwangwi siusemi sana. Programu inakuja ikiwa ndani ya ukumbi mkubwa wa tamasha, wakati kanisa letu lina bati juu na terazo chini. Ukiingiza ukumbi ule ndani ya kanisa lile, sauti ya nne inafika baada ya baraka.

Na zipo zilizovuka mpaka kabisa. Pianoteq ya Ufaransa, ambayo haitumii sauti zilizorekodiwa bali hesabu, ina kidhibiti cha hali ya piano: unaisogeza kutoka mpya hadi iliyochakaa. Wenye piano halisi hapa Pwani hawahitaji kidhibiti. Unyevu wa bahari unaifanya kazi hiyo bure, mchana na usiku, na fundi wa kuipandisha nyuzi anasubiriwa mpaka watu wanasahau kwamba alialikwa.

Nimefika mahali pangu. Kelele zote ziko sifuri, mwangwi sifuri, bafa 256, mkunjo umevutwa chini, na kompyuta imenyamaza. Jumapili nilipiga hivyo, na hakuna mwanakwaya aliyeuliza nyundo zimekwenda wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Uleteni mkunjo wa nguvu ukurasa wa mbele, na kelele zije zikiwa zimezimwa. Mwenye kuzitaka atazitafuta kwenye menyu ya tatu, kama sisi wengine tunavyotafuta.