Msiilaumu Bunduki, Kazeni Skrubu

Msyuuu! Naanza kwa kusonya kwa sababu habari yenyewe inaudhi. Mtu kanunua bunduki ya bolti mpya, bado inanuka mafuta ya kiwandani. Kaibeba hadi porini, kampiga swala pala kwenye mita 150, risasi imepita tumboni, mnyama kazama kichakani. Jioni yuko motoni analalamika: bunduki mbovu hii, naagiza mtutu mwingine, naagiza na darubini ya mamilioni. Jamani! Mtutu umekosa nini? Umeifungua ukaitazama?

Hapa Arusha vijiwe havikosi watu wa kambi za uwindaji: madereva, wachunaji, wafuata nyayo. Waulizeni hao nani huingia kwanza kwenye majani marefu nyati akijeruhiwa. Si yule mwenye bunduki. Ni mfuata nyayo, macho chini, fimbo mkononi. Ndiyo maana suala la shabaha siwezi kulichukulia kama starehe ya matajiri.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo penye balaa. Mtutu wa bunduki ya kuwindia hufanywa mwembamba ili mtu aweze kuibeba kutwa nzima. Risasi inapofyatuka, chuma kile hutetemeka, na shabaha inategemea kitetemeke vilevile kila mara. Sasa kitako cha mbao hunywa unyevu kama mlango unaogoma kufunguka wakati wa masika. Kikivimba kinausukuma mtutu kutoka upande mmoja, na risasi zinaenda upande wa pili. Bunduki iliyopiga vizuri Septemba inakuja kupotosha Machi, mwenyewe anaapa kuna mtu kaiangusha.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi, kisha pitisha noti kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele kurudi kwenye chemba. Ikikwama, ujue mbao inagusa. Lakini usikimbilie msasa! Viwanda vingine huacha kwa makusudi kinundu mbele ya kitako ili kiuegemee mtutu, na zipo bunduki zinazokipenda kinundu hicho. Weka kwanza kipande cha kadi ngumu chini ya chuma, pale mtutu unapoanzia, ili uinuke kidogo, halafu kapige karatasi. Matundu yakikusanyika, hapo ndipo uchukue msasa, na ukimaliza uipake mbao mafuta isinywe maji tena. Yakitawanyika, toa kadi, bunduki yako umeiacha salama.

Na skrubu! Chuma chote kile kimeshikwa na kitako kwa skrubu mbili, nyingine tatu. Safari ya siku nzima kwenye Land Cruiser, barabara ya mawimbi mgongo mzima, unategemea zimebaki zilivyokuwa? Za kushikia darubini nazo ni hivyohivyo. Nimeshasikia watu wakibishana kuhusu uzito wa risasi hadi chai inapoa, na darubini inacheza kwa kidole. Aka! Ziangalie hizo kabla ya kufungua mdomo.

Chuma kikishakazwa na bado kinahama ndani ya mbao, dawa ipo: kukilaza kwenye gundi ya epoksi. Chini ya mtutu kuna kigingi kinachopokea teke la bunduki. Pale nyuma yake ndipo gundi inatakiwa ijae, ikiganda iwe imechukua umbo la chuma chenyewe, pasiwe na nafasi ya kuyumba. Chuma kipakwe nta kwanza kila mahali, la sivyo umeviunganisha milele. Hii ni kazi ya fundi. Kifyatuo kizito nacho ni cha fundi mwenye leseni. Ukikipiga tupa mwenyewe nyumbani, bunduki itakuja kujifyatua siku watu wamekaa nyuma ya gari. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 si ya kuchezea.

Juzi kijana alikuja na karatasi yake anajisifu. Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, umepiga ngapi hapo?"

"Tatu, mzee. Zote ndani ya sentimita tatu, mita mia."

"Vema. Zile nyingine mbili umezipeleka wapi?"

Kijana kanyamaza, na mzee alikuwa na haki. Sentimita 2.9 kwa mita 100 ndiyo dakika moja ya pembe, na watengeneza bunduki wa Tikka, Finland, huahidi kiasi hicho kwa risasi tatu. Ni kazi nzuri. Lakini tatu zinaweza kukusanyika kwa bahati. Piga tano, acha mtutu upoe, rudia siku nyingine, na iheshimu zaidi ile ya kwanza ya mtutu baridi, maana ndiyo atakayoipata mnyama. Moyo na mapafu ya swala pala ni kama sentimita 15. Hapo bunduki ya kawaida ya kiwandani inatosha kabisa ikitunzwa.

Halafu risasi. Kila mtutu una chaguo lake, bunduki mbili za .30-06 za kiwanda kimoja zinaweza kupenda maboksi tofauti. Kujaribu aina tatu nne kwetu ni gharama na ni vibali, nakubali, ila mtutu mpya ni ghali mara nyingi zaidi. Ukiipata inayokubali, usibadilishe.

Kinachoniuma kuliko vyote ni mdomo wa mtutu. Bunduki inasimamishwa kichwa chini kwenye sakafu ya gari, juu ya mchanga na spana! Ule ukingo wa mwisho ndio unaoiaga risasi. Ukichubuka upande mmoja, gesi inatoroka bila usawa na risasi inaanza safari ikiwa imesukumwa. Na kusafisha kufanyike kutokea chemba, si kusugua mdomo kwa ufito wa chuma.

Msimu hufunguliwa Julai. Wawindaji bingwa, nawaomba: mgeni akishuka kwenye ndege, kabla hajaona hata digidigi, apige karatasi kambini. Akisema kachoka, alale, apige asubuhi. Akikataa, msimpeleke kwa nyati.