Jirani Kaomba Moto

Waheshimiwa wa Idara ya Leseni,

Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja hapa Marekani; kazi yangu ni kuazimana makala na maktaba nyingine. Naandika kushukuru. Ada ya jarida lenu la kielektroniki tumelipa, mlango mmetufungulia, na ndani ya leseni mmetuwekea kifungu: makala ikiombwa na maktaba nyingine, faili lisitumwe kama lilivyo. Lichapwe kwanza kwenye karatasi, karatasi iskaniwe, ndipo ipelekwe hiyo skani.

Kwetu jirani akija kuomba moto hupewa kaa, akaondoka nalo kwenye kigae. Ninyi mmeona mbali zaidi: kaa lizimwe, jirani apewe mkaa na kiberiti kilicholowa.

Jumanne hospitali ya mji mdogo iliomba makala ya kurasa 14. Faili likafunguka mara moja. Nikalichapa. Ukurasa wa 7 ukang'ang'ania ndani ya printa. Niliuchomoa umekunjamana kama leso ya mafua. Wino wa rangi hatuna, kwa hiyo mistari miwili ya grafu, mwekundu na wa bluu, yote ilitoka kijivu, mapacha ambao hata mama yao angewachanganya.

Wapo wanaodhani sheria ndiyo inayotaka hivi. Wapi! Sheria ya hakimiliki ya 1976 inaturuhusu kuazimana nakala, mradi tusizigeuze mbadala wa kulipia jarida. Tume ya hakimiliki iitwayo CONTU ikaweka hesabu: maktaba inayoomba isizidi nakala 5 kwa mwaka, kwa makala za jarida moja zilizotoka ndani ya miaka 5 iliyopita. Hesabu hiyo naiheshimu, naijaza kila Ijumaa. Printa haimo. Printa mmeileta ninyi, pamoja na kifungu cha kutotuma nje ya nchi, ambacho mwezi uliopita kilinifanya nimnyime mwanafunzi wa Morogoro makala kuhusu mihogo iliyong'olewa Morogoro. (Mihogo yenyewe ilisafiri bila maswali.)

Jana daktari wa hospitali ile akaandika: mstari wa waliopewa dawa ni upi? Faili lilikuwa mbele yangu, rangi zinameremeta. Nikampigia simu: "Wa juu, daktari. Ndio mwekundu."

Usiku nimeisoma leseni yenu yote tena. Simu haikutajwa.

Wenu mtiifu,
Mkutubi, dawati la kuazimana